Siku moja maishani mwangu: nyasi zibaki wapi?

Saa 12:30 asubuhi. Nafika umande ukiwa bado haujakauka, na nawahi kwa makusudi. Kazi yangu ni kupanga bustani za nyumbani, na umande hunieleza mengi kabla sijauliza. Nyayo za waliotoka mapema zinaonekana wazi: mlangoni hadi getini, mlangoni hadi kwenye kamba ya kuanikia nguo, basi. Upande wa ukutani hapajakanyagwa kabisa. Nyasi za pale zinakatwa kila wiki na kumwagiliwa, na hakuna anayezitumia.

Saa 1:30. Napima. Uwanja ni mita 20 kwa 12, yaani mita za mraba 240, zote nyasi. Naweka alama kivuli kilipo; nitarudia mchana, maana kivuli huhama.

Saa 3:00. Nakaa na mwenye nyumba, mama mtu mzima aliyeanza kusumbuliwa na mgongo. "Mwanangu, nyasi nazipenda, ila mashine imenishinda." Namuuliza wajukuu huchezea wapi, na yeye jioni hukaa upande gani. Wengi huanza kwa kuchagua cha kuondoa: kipande hapa, kipande pale. Matokeo yake ni vijisehemu vingi vyenye kona, na kona ndizo zinazochosha. Mimi natafuta kwanza nyasi zitakazobaki, sehemu moja yenye kazi.

Saa 4:00. Hapa ndipo penye raha ya kazi hii. Nauanika mpira wa maji juani mpaka ulainike, kisha naulaza chini uchore umbo la yai, mita 12 kwa 8. Hizo ni kama mita za mraba 75, chini ya theluthi moja ya uwanja. Halafu nachukua mashine ya kukatia nyasi, imezimwa, naisukuma nikifuata mpira. Upande wa mti inakwama, nalazimika kurudi nyuma mara mbili ndipo nipite. Kwenye karatasi pindo lile lilikuwa zuri sana! Nausogeza mpira hatua moja ndani, nasukuma tena, mashine inazunguka bila kusimama. Mama naye anashika mpini, anazunguka mzunguko mzima. "Hii naiweza," anasema.

Saa 6:30. Chini ya mti. Nyasi zimekonda, udongo unaonekana. Mama ameshazipanda upya mara tatu. Kivuli na mizizi vimezishinda, na hakuna mbolea itakayobadilisha hilo. Hatuchimbi, kwa sababu mizizi mingi inayolisha mti iko karibu na uso wa ardhi. Tunafyeka chini kabisa, tunalaza maboksi yaliyobanduliwa utepe ili nyasi zikose mwanga, kingo zikipandana sentimita 15, tunayalowesha, kisha matandazo ya vipande vya mbao, unene wa sentimita 8. Matandazo hayagusi shina; gome likikaa kwenye unyevu huoza.

Saa 8:00. Ukutani ni ukoka, nyasi zinazotambaa chini kwa chini, na boksi haliuwezi. Natia uma wa bustani, natikisa udongo, navuta taratibu. Unatoka mzizi mweupe mrefu wenye pingili, na kila pingili ikibaki ardhini inaweza kuchipua. Saa nzima nachambua udongo kwa vidole. Hapa ukiharakisha, utairudia kazi yote baadaye.

Saa 9:30. Tunaanza kulaza tofali za ukingo upande wa ukutani, sawa na uso wa udongo, ili gurudumu lipite juu yake na kisu kikate hadi mwisho. Ukingo ulioinuka humlazimisha mtu kuinama na mkasi kila mara.

Saa 10:30. Napanga makopo matupu chini ya kinyunyizio. Baada ya nusu saa yana maji ya kina cha milimita 12. Mama sasa anajua kwamba kumwagilia saa moja kwa wiki, ikigawanywa mara mbili, inatosha mvua isiponyesha. Namwomba pia asikate zaidi ya theluthi ya urefu wa jani kwa mara moja, na aache vipande vilivyokatwa viozee palepale, kwa sababu ni mbolea.

Saa 11:15. Nataka kukunja mpira, mama ananizuia: "Ngoja wanangu waje." Wajukuu wanaingia getini wakikimbia, na wote wawili wanakata njia mahali pamoja, juu ya mpira, kuelekea bombani. Naweka kigingi pale. Kesho naanza na mawe matatu ya kukanyagia.