Kupanda Treni ya Andheri: Wiki Zangu Sita Mumbai

Mwezi Julai 2023 nilimsindikiza mama yangu kwenda Mumbai kwa matibabu. Maradhi yenyewe ni siri yake na sitayataja. Yatosha kusema kwamba alilazwa siku 19, na kwamba siku zote hizo nilikuwa nikitoka Andheri, kaskazini mwa jiji, tulikopata nyumba ya wageni kwa bei tuliyoimudu, kwenda hospitali iliyo karibu na stesheni ya Mahalaxmi, kusini mwa jiji, na kurudi jioni. Kabla ya hapo sikuwa nimewahi kuvuka mpaka wa Tanzania. Nimezaliwa na kukulia Tanga, mji ambao mtu akionekana anakimbia barabarani, watu husimama wakaulizana kuna nini. Naandika haya kwa sababu najua wapo wenzetu wengi wanaopita njia hiyo hiyo wakiwa na mgonjwa mkononi, na mengi niliyohitaji kuyajua nilikuja kuyajua huko huko, kwa tabu.

Tulifika usiku wa manane, mvua ikinyesha. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ilikaguliwa, mihuri ikagongwa, nikasogeza saa yangu mbele kwa saa mbili na nusu, nusu ambayo ilinisumbua siku kadhaa kila nilipotaka kuwapigia simu wa nyumbani. Kisha tukatoka nje, na kitu cha kwanza kilichotupokea kilikuwa honi. Ilikuwa saa nane za usiku na kila gari lilikuwa likipiga honi, si kwa hasira wala kwa dharura, bali mfululizo. Teksi yetu ilipita chini ya barabara ya juu, na pale, kati ya nguzo mbili, nikaona familia imelala juu ya maboksi. Mwanamke mmoja alikuwa macho, ameketi, mkono mmoja ameshika kipande cha nailoni juu ya kichwa cha mtoto ili matone yasimfikie. Mama aliyaona niliyoyaona. Akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, ndiyo huku tulikokuja kutafuta uzima?" Sikuwa na jibu.

Siku tatu za mwanzo niliona mambo yote kwa pamoja, na mtu anayeona yote kwa pamoja haoni hata moja. Pikipiki zilipita zikienda kinyume na magari. Ng'ombe alisimama katikati ya njia na hakuna aliyemfukuza. Kuvuka barabara mbele ya nyumba ya wageni kulinichukua robo saa, kwa kuwa nilikuwa nikingoja magari yaishe, na Mumbai magari hayaishi. Kule huendeshwa kushoto kama kwetu, hivyo macho yangu yalitazama upande sahihi, lakini hilo halikunisaidia pale hatari ilipotokea upande usio wake. Mlinzi wa jengo la jirani, mzee wa makamo, ndiye aliyenionyesha kwa vitendo: ukianza kwenda, nenda kwa mwendo mmoja, usikimbie wala usirudi nyuma, ili dereva akuhesabu mapema na kukupitia mbele au nyuma. Kilichokuwa kikiniponza ni kusita kwangu. Nazo honi nilizozidhania kuwa matusi nilikuja kuzielewa kuwa ni taarifa: nipo kushoto kwako, napita. Malori kadhaa yameandikwa nyuma maneno ya kuomba yapigiwe honi. Sikuzipenda kamwe, na masikio yaliniuma hadi siku ya kuondoka, lakini niliacha kuziogopa.

Lugha ndiyo iliyonipa pumzi ya kwanza. Siku ya pili nilihitaji kununua dawa, na kijana wa mapokezi, akiona nahangaika na Kiingereza chake na changu, alinyoosha kidole akasema kwa Kihindi maneno ambayo ndani yake nilisikia wazi "dawa" na "dukan". Nilisimama palepale. Nilikuwa nimeelekezwa duka la dawa na nikaelewa bila kufasiriwa. Tangu hapo nilianza kusikiliza kwa sikio lingine, na maneno yakawa yananijia: paisa, gari, chai, sabuni, hisabu, safari. Hata bili ya hospitali ilinifungukia kwa njia hiyo. Mhasibu alisema "lakh" na mimi nikajua ni laki, elfu mia moja, wakati mgonjwa mmoja kutoka nchi nyingine aliyekuwa nyuma yangu alilazimika kuandikiwa tarakimu. Jihadhari tu na mkato, kwa sababu wao huandika 1,60,000 pale sisi tunapoandika 160,000, na ukisoma kwa haraka unaweza kudhani umeona fedha nyingine kabisa.

Neno moja halikusaidia. Nilimwambia mlinzi kwamba natafuta bajaji, akanitazama bila kuelewa. Chombo chenyewe kilikuwa kimejaa barabara nzima, lakini kwao ni "auto" au "rickshaw". Sisi ndio tuliokiita kwa jina la kiwanda cha Kihindi kinachokitengeneza. Lingine la kujua ni kwamba bajaji hizo huishia Bandra na kandokando yake, haziruhusiwi kuingia kusini mwa jiji. Kule ni teksi nyeusi zenye paa la njano, ambazo hutumia mita. Kwa hiyo aliye Andheri na mgonjwa wake yuko Mahalaxmi, njia yake ya kila siku ni treni.

Treni za Mumbai nilikuwa nimeziona kwenye picha, watu wamening'inia milangoni, na nilikuwa nimejiapiza kutozipanda. Teksi ya siku nne ilimaliza fedha ambazo kaka alikuwa amezikusudia kwa wiki mbili, na kiapo kikaishia hapo. Tiketi ya daraja la pili kutoka Andheri haikufikia rupia 20. Njia hii ya Magharibi hupitia Virar, kaskazini, na kuteremka hadi Churchgate, kusini, na pamoja na njia nyingine za jiji hubeba abiria wa mamilioni kila siku. Milango ya treni za kawaida haifungwi.

Siku ya kwanza nilipanda treni iliyokuwa mbele yangu, nikiwa nimehakikisha tu kwamba inakwenda kusini. Ilisimama Bandra, ikasimama Dadar, kisha ikashika kasi, na nikiwa nimebanwa katikati ya wanawake niliuona ubao ulioandikwa Mahalaxmi ukipita dirishani. Nilishuka Mumbai Central nikitetemeka, maana daktari alikuwa ameniambia nifike saa tatu. Mwanafunzi mmoja alinionyesha ubao wa juu ya jukwaa: herufi ya kwanza ni mwisho wa safari, inayofuata ni F kwa treni ya kasi inayoruka stesheni ndogo, au S kwa ile inayosimama kila mahali. Mahalaxmi ni ya S. Nilivuka daraja, nikarudi stesheni moja. Laiti ningeambiwa herufi hiyo moja kabla sijatoka Tanga.

Behewa la wanawake linastahili maelezo zaidi, kwa sababu humo ndimo nilipoacha kujiona mgeni. Asubuhi huingii kwa nguvu zako. Unasimama mahali sahihi kwenye jukwaa, na watu wanakuingiza. Mkoba huvaliwa kifuani. Ukishuka Mahalaxmi, huanzi kusogea mlangoni Mahalaxmi, unaanza Dadar, ukimuuliza aliye mbele yako kama naye anashuka, na kama hashuki mnabadilishana nafasi bila maneno. Lower Parel, penye ofisi nyingi, wanawake hutoka kwa wingi kiasi kwamba asiyeshuka hushika chuma kwa mikono miwili asije akachukuliwa nao. Jioni ni tofauti. Mchuuzi hupita na kadi zilizotobolewa zikiwa zimejaa hereni na vibanio vya nywele, na niliwahi kukaa mkabala na mama mmoja aliyemenya njegere kuanzia Dadar, mfuko mmoja magotini kwa maganda na mwingine kwa njegere, hata tulipokaribia Andheri mboga ya chakula cha usiku ilikuwa tayari.

Kiti kina utaratibu wake. Anayesimama humuuliza aliyeketi, "Kidhar?", yaani wapi. Mara ya kwanza nilidhani naulizwa nitokako, nikajibu Tanzania. Yule dada alitikisa kichwa kwa upole na kurudia swali, akionyesha mlango kwa kidole. Alikuwa anauliza ninashuka wapi, kwa sababu ukishamwambia, kiti chako ni chake pale utakapoinuka, na hakuna mwingine atakayekinyang'anya. Nacho kiti cha watu watatu huketiwa na wanne. Wa nne huketi kwenye ukingo tu, lakini ameketi. Nilipoyajua hayo mawili niliweza kusafiri bila kuogopa.

Mvua nayo ilitaka elimu yake. Wiki ya pili, siku moja niliondoka hospitali adhuhuri mvua ikipiga, na treni ikasimama kati ya Dadar na Matunga Road kwa zaidi ya saa mbili, maji yakiwa yamefunika reli. Wanawake walitoa vyakula vyao, nikapewa kiazi kilichokaangwa ndani ya mkate, nikaitwa "didi", yaani dada. Aliyekaa nami alinionyesha kwenye simu yake habari ya siku ile, na ndani yake saa ya maji kujaa na kimo chake, zaidi ya mita 4.5. Nilipoiona ile tarakimu nilielewa mara moja. Mifereji ya jiji humwaga maji baharini, na bahari ikijaa sana, maji ya mvua hayana pa kwenda. Mimi ni mtoto wa pwani. Najua bamvua, maji yanayojaa sana siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu, yanayojaa kidogo, tangu utotoni. Jioni ile niliutazama mwezi, ukawa mpevu.

Kuanzia hapo sikutegemea bahati. Kwetu bamvua hujaa alfajiri na alasiri, Mumbai hujaa karibu na adhuhuri na usiku wa manane, basi siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu nilikuwa nikifika hospitali saa mbili asubuhi na sitoki mpaka jioni maji yamekupwa, hata kama mvua imekatika. Wauguzi waliniuliza ninajuaje. Hesabu hiyo hiyo ilinifikisha kwenye kaburi la walii Haji Ali, ambalo liko ndani ya bahari, na njia yake huzama maji yakijaa. Nilingoja ukingoni pamoja na watu wa dini zote hadi njia ilipojitokeza, nikaenda kumwombea mama. Tangu hukumu ya mahakama ya mwaka 2016 wanawake wameruhusiwa tena kuingia hadi ndani, nami nikaingia.

Ushauri mwingine nitautoa kwa ufupi. Laini ya simu kwa mgeni hutaka nakala ya pasipoti, picha na anwani ya uliko, na yangu ilikawia kufunguliwa, kwa hiyo andika namba muhimu kwenye karatasi. Kila muuza chai ana karatasi ya kuchanganuliwa kwa simu ili alipwe, lakini wakati ule mimi, nisiye na akaunti ya benki ya India, nililipa taslimu, na chenji ilikuwa shida. Beba noti za 10 na 20. Kichwa kinachoinama huku na huku si kukataa.

Mama aliruhusiwa, tukabaki Andheri kwa ajili ya kurudi kumwona daktari. Alikuwa amenisikia kila jioni nikimweleza habari za treni, na Jumapili moja asubuhi, daktari akiwa ameridhika naye, alikataa teksi. Kutoka Mahalaxmi behewa halikuwa limejaa. Wanawake wawili walisimama kabla hatujaomba, mama akaketi dirishani, kitambaa chake cha kichwa kikipepea. Dadar wakaingia wengi, na msichana mmoja mwenye mkoba wa shule akamwinamia, akauliza, "Kidhar?"

"Andheri," mama alijibu, kama aliyekuwa akilijibu swali hilo miaka yote. Kisha akanigeukia. "Anataka kukaa?"

"Atakaa ukishuka, mama."

"Andheri bado mbali," akasema, na akasogea kuelekea dirishani, akapapasa ukingo wa kiti kwa kiganja ili yule mtoto aketi.