Ua ndio baa yenyewe

Mwezi uliopita mteja mmoja hapa Moshi aliniletea picha kwenye simu akiomba nimchoree baa ya Kiingereza, yaani kuta nyeupe na mbao nyeusi zilizopigiliwa juu ya plasta. Nilimweleza kwamba katika majengo ya kale ya Uingereza mbao hizo si pambo, bali ndizo mifupa ya nyumba. Mwaloni ulichongwa ungali mbichi, ulimi wa boriti moja ukaingizwa katika tundu la nyingine na kukazwa kwa vigingi vya mti, kisha nafasi zilizobaki zikajazwa fito na kukandikwa udongo uliochanganywa na nyasi kavu na samadi, kazi ambayo mjenzi yeyote wa nyumba za udongo kule Upareni angeitambua. Hata ule weusi, mara nyingi, ni rangi iliyopakwa katika karne ya 19.

Badala yake nilimwonyesha The George Inn, baa ya kale iliyoko Southwark, London, iliyoungua mwaka 1676 na kujengwa upya mwaka uliofuata. Jengo hilo halijali barabara; limegeukia ua wa ndani, ambamo magari ya farasi yaliingia kushusha na kupakia abiria. Juu zipo roshani mbili za mbao, moja juu ya nyingine, ambazo ndizo zilizokuwa njia ya kufikia vyumba vya kulala, hivyo msafiri alitoka chumbani na kuona palepale farasi wakifungwa. Ilikuwa stendi na gesti kwa pamoja.

Reli iliua biashara hiyo. (Kwetu Moshi ilikuwa kinyume: mabasi ndiyo yaliyoipokonya treni abiria.) Mwaka 1889 kampuni ya reli iliyomiliki eneo hilo ilibomoa sehemu kubwa ya jengo ili ipate nafasi ya maghala, ukabaki upande wa kusini tu, ambao tangu mwaka 1937 unatunzwa na National Trust, shirika la Uingereza la kuhifadhi majengo ya kale. Mbao zilizosalia ni nzuri mno, lakini kwangu mimi kilichopotea ni kikubwa zaidi, kwa sababu roshani hizo zilijengwa ili zitazamane na nyingine ng'ambo ya ua.

Kiwanja cha mteja wangu kina mparachichi katikati. Nimemchorea vyumba pande tatu kuuzunguka, pamoja na roshani ya mbao inayotazama kivulini. Juzi aliitazama ramani kwa muda mrefu, kisha akaniuliza mbao nyeusi ziko wapi.