Siku moja na mahujaji: Korintho hadi Kenkrea

Saa 11 alfajiri. Ndugu zangu Dar wanaamini nipo Ugiriki nakula maisha. Nipo kwenye korido ya hoteli Athens nagonga milango kuwaamsha mahujaji wangu. Saa 1 nahesabu watu ndani ya basi: 31. Nahesabu tena: 31. Wa 32 bado anakunywa chai.

Saa 3 tuko Korintho ya kale. Mwongoza wageni mwenye leseni anaeleza kwa Kiingereza, mimi nageuza kwa Kiswahili, jua utosini. Nguzo saba za hekalu la Apolo, mungu wa Wagiriki wa kale, kisha kiti cha hukumu, pale Paulo alipofikishwa mbele ya Galio, liwali wa Kirumi, mnamo mwaka 51. Mchungaji anasoma Matendo 18, kimya kinatanda. Hapo kazi ni tamu.

Halafu Kenkrea, bandari ya mashariki ya mji huo. Saa ngapi hata sikumbuki, koo lilishakauka.

"Binti, bandari iko wapi?" akauliza mzee mmoja wa kanisa.

"Ndiyo hii, mzee wangu."

"Haya ni mawe."

Nikamweleza: ardhi ilididimia, bahari ikameza gati. Meli za kwenda Efeso zilitoka hapa. Hapa Paulo alinyoa nywele kabla ya kusafiri kwenda Siria, na Fibi alihudumu katika kanisa la hapa.

"Sikuuza ng'ombe wawili nije kuangalia mawe ndani ya maji."

Nikaeleza upya, polepole. Akataka kujua nauli ya siku hii inarudishwa na nani. Dereva akawa anagonga saa yake. Sheria inambana saa za kuendesha. Huku mama mmoja kapandisha kitenge, kaingia majini hadi magotini, anauliza kama ukuta anaoukanyaga yeye, Fibi naye aliukanyaga. Ikabidi niseme kweli: ule ni wa kanisa la karne za baadaye.

"Basi nisogee pembeni," akasema, akasogea hatua mbili, akabaki kasimama. Dakika ishirini hizo. Dereva hakunisemesha tena mpaka Athens.

Usiku, miguu imevimba, nakunywa supu ya baridi. Meza ya jirani yule mzee anapiga simu nyumbani, sauti juu:

"Mama Neema, leo tulikuwa bandarini! Bandari kubwa! Meli zilikuwa zinatoka pale mpaka Efeso!"