Kabla hujasema maziwa hayatoshi, kagua nepi

Mtoto wa wiki sita analia jioni nzima, titi analishika na kuliachia, na jirani ameshatoa hukumu: maziwa ya mama ni mepesi, mpe uji. Usikoroge chochote kwanza. Kilio cha jioni huongezeka kuanzia wiki ya pili, hufikia kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua kufikia miezi mitatu au minne, hata kwa mtoto aliyeshiba vizuri. Ulaini wa matiti nao si kipimo. Baada ya wiki chache matiti hayavimbi tena kama mwanzo, kwa sababu yameshazoea kutengeneza kiasi ambacho mtoto anatumia.

Kipimo kipo kwenye nepi. Kuanzia siku ya tano, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hukojoa mara sita au zaidi kwa saa 24, na mkojo unakuwa mweupe au wa njano hafifu. Nepi za kutupa hufyonza sana, hivyo ni rahisi kudanganyika: mwagia vijiko vikubwa vitatu vya maji kwenye nepi kavu, uishike mkononi uujue uzito wake. Choo cheusi cha siku za kwanza kinatakiwa kiwe kimegeuka njano kufikia siku ya tano. Kikibaki cheusi, au ukiona madoa ya rangi ya matofali kwenye nepi baada ya siku ya nne, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Halafu angalia kadi ya kliniki. Kupungua uzito siku za mwanzo ni kawaida. Aliyezaliwa na kilo 3.2 anaweza kushuka hadi kilo 3, ila awe ameurudia uzito wake ndani ya wiki mbili. Baada ya hapo, miezi mitatu ya kwanza, wengi huongeza gramu 150 hadi 200 kwa wiki. Apimwe bila nguo na, ikiwezekana, kwenye mzani uleule, maana nguo nzito peke yake inatosha kuharibu hesabu.

Ikiwa uzito haupandi, anza na namna anavyoshika titi. Hapa ndipo tatizo lilipo mara nyingi, na ndipo watu wasipoangalia. Tumbo lake liguse lako, kichwa na mwili vinyooke, pua ielekee chuchu. Subiri afungue mdomo kwa upana, kisha mlete yeye kwenye titi, usimpelekee titi. Kidevu kiguse titi, mdomo wa chini uwe umepinduka nje, na sehemu nyeusi ionekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Utamwona akivuta polepole, anameza, anapumzika. Mashavu yakibonyea ndani au chuchu ikitoka imebapa, anafyonza chuchu tupu: ingiza kidole safi kwenye pembe ya mdomo, mtoe, mrudishe upya. Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa siku, na usiku usiuruke.

Maji, uji na dawa za tumbo za kienyeji hujaza tumbo dogo. Mtoto ananyonya kidogo, titi linabaki limejaa, na titi lililojaa hupunguza kutengeneza. Wiki mbili baadaye maziwa yamepungua kweli, na wote wanaamini walikuwa sahihi. Hata kwenye joto la Dar au Mombasa, maziwa ya mama yana maji yote anayohitaji hadi miezi sita. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi tu.

Ila kuna kilio kisichosubiri. Mtoto wa chini ya miezi miwili akikataa kunyonya, akilegea, akipata degedege, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kikibonyea anapovuta pumzi, au joto likifika 37.5 au kushuka chini ya 35.5, nenda hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku. Mfunge kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, umfunike kwa juu. Akiwa na homa, usimzidishie nguo. Kama bado anaweza kunyonya, endelea kumnyonyesha njiani.