Kapiteni, nusu gazi haisaidie

Ba kapiteni wa boti za ziwa Kivu, leo niko na maneno yenu. Siku ya Mungu mchana huku Goma, kuanzia Himbi mpaka Kyeshero, ziwa inajaa kama rompwe (mzunguko wa barabara) Signers saa za jioni, boti za ndoa na muziki yao, bavuvi, vijana banaogelea, ba mama banachota maji na mabido, bote palepale.

Sasa kapiteni akiona mtumbwi mbele anapunguza gazi nusu, anapunga mkono, anajiona ameheshimu mutu, kumbe ile nusu njo mbaya kuliko! Boti ikienda pole kabisa inakaa sawa, inaacha wimbi ndogo tu. Ikikimbia fulu inapanda juu ya maji, haisukume mingi. Lakini pale katikati puwa inainuka, nyuma inazama, hapo inasukuma maji yote, na wimbi ikipanda juu mara 2 nguvu yake inakuwa mara 4. Basi shusha gazi ukiwa mbali bado, mpaka puwa irudi chini. Na musianze kuniambia kama fulu njo suluhisho, karibu na batu banaogelea fulu haiko.

Halafu ukuta. Wenye viwanja bamejenga kuta za mawe ya volkano mpaka ndani ya maji, ni muzuri kwa macho, lakini wimbi ikigonga ukuta haife kama ku mchanga, inarudi, inakutana na ingine, maji inachafuka wakati boti iliisha kupita zamani. Ba mvuvi wa sambaza, samaki ndogo, wenye mitumbwi yao mitatu imefungwa na miti mirefu banajua hii mambo kuliko mimi.

Na musijaze. Boti MV Merdi kuzama tarehe 3 mwezi wa 10 2024 pale mbele ya bandari ya Kituku haikuwa mambo ya wimbi ya boti ingine, batu balikuwa bengi kuliko, lakini boti yenye imelala chini vile hata wimbi ya kawaida inaingia.

Kuhusu njia: mukikutana uso kwa uso kila moja anakata kuume. Njia zenu zikikatana, mwenye anaona mwenzake upande wake wa kuume, yeye njo anaachia njia. Mwenye kupita mwenzake anazunguka mbali.

Wenye plaji nao bafunge maboya mbele, ndani yake pole tu. Boya ni bido tupu, jiwe na kamba, sema kamba iwe ndefu, sababu huku chini ya ziwa inashuka haraka. Mabido mi niko nazo, nani analeta kamba?