Nilivyopata leseni ya siku moja ya kufungisha ndoa ya rafiki yangu New York

Nyumbani Tanzania jambo hili halipo. Anayefungisha ndoa ni kiongozi wa dini aliyepewa leseni na serikali, au msajili kule bomani. Rafiki, hata kama ndiye aliyekuwa mshenga, huishia kuwa shahidi. Kwa hiyo rafiki yangu na mchumba wake wa Brooklyn waliponiomba niwafungishe ndoa mimi, nilianza kwa kutafuta sheria inayoniruhusu.

Wengi watakuambia ujiandikishe kwenye kanisa la mtandaoni. Dakika chache tu umeshakuwa mchungaji. Kwa New York siishauri kabisa njia hiyo. Mwaka 1989 mahakama ya rufaa inayohudumia Brooklyn, Queens na Staten Island ilitamka kwamba ndoa iliyofungishwa na mchungaji wa namna hiyo ni batili. Mwaka 2013 mahakama ya eneo jingine la jimbo ilisema suala kama hilo lisikilizwe kwa ushahidi kwanza. Maana yake ni kwamba ndoa inabaki na mlango wa kupingwa. Siku ya harusi hakuna atakayeliona tatizo. Litaibuka kwenye talaka au mirathi, pale wakili wa upande wa pili atakapouliza nani aliwafungisha.

Njia safi ni leseni ya siku moja, iliyoanza kutumika tarehe 28 Machi 2023. Unatakiwa uwe umetimiza miaka 18, ujaze maombi kwa karani wa jiji au mji, na ulipe dola 25. Hakuna haja ya kuwa mtu wa dini. Leseni ni ya ndoa moja tu, ya watu wawili waliotajwa, na nguvu yake inakwisha ndoa ikishafungwa, au leseni ya maharusi yenyewe ikiisha muda.

Hapo kwenye leseni ya maharusi ndipo watu wanapojikwaa, kwa sababu karatasi ni mbili. Wachumba wana yao, ambayo katika Jiji la New York ni dola 35, na mfungishaji ana yake. Niliwasubiri wapate yao kwanza, nikaomba yangu kwa karani yuleyule, nikinakili majina yao herufi kwa herufi kutoka kwenye leseni yao. Sisi tuna majina matatu, na la katikati mara hurukwa, mara hugeuzwa la ukoo. Usiandike kwa kumbukumbu, wala jina la utani unalomwitia.

Leseni ya ndoa hudumu siku 60, lakini haitumiki kabla ya saa 24 kupita tangu itolewe, na saa hizo huhesabiwa kweli. Wakiichukua Ijumaa saa tisa alasiri, huwezi kuwafungisha Jumamosi saa nane mchana, labda jaji awape ruhusa. Tena inatumika ndani ya jimbo la New York tu. Ukumbi ukiwa New Jersey, hata kama unauona ng'ambo ya mto, hizo karatasi zote mbili hazikusaidii.

Sheria haikupangii maneno ya sherehe. Inachotaka ni kwamba wawili hao watamke, mbele yako na mbele ya shahidi asiyepungua mmoja, kwamba wanakubaliana kuwa wanandoa. Usilimeze tamko hilo ndani ya hotuba. Mimi nililitenga. Nilinyamaza kidogo, nikamgeukia bwana harusi: "Je, kwa hiari yako, unamkubali awe mke wako wa ndoa?" Akajibu "Ndiyo, namkubali." Kisha nikarudia kwa Kiingereza, kwa sababu shahidi mmoja hakujua Kiswahili, na shahidi lazima aelewe anachokishuhudia. Bibi harusi naye vivyo hivyo. Mengine yote, pete, mashairi, dua ya wazazi, ni yenu; yapangeni mpendavyo.

Tuliweka sahihi kabla ya chakula, kwenye meza kavu, kwa kalamu ya wino mweusi. Ngoma zikishaanza, shahidi humpati. Hakuna kufuta wala kupaka rangi nyeupe juu ya kosa. Ukikosea, simama na umpigie karani. Angalia sana sehemu ya saa: saa kumi jioni yetu ni 4:00 p.m. kwenye fomu, na mkono uliozoea saa za Kiswahili huandika 10 bila kufikiri. Fomu ikitaka kaunti, Brooklyn ni Kings, Staten Island ni Richmond, na Manhattan ni New York.

Kazi ya kuirudisha leseni ni ya mfungishaji, si ya maharusi, na muda ni siku tano. Usiwape waondoke nayo fungate. Piga picha kurasa zote mbele na nyuma, kisha irudishe kwa karani aliyeitoa.

Cheti kikifika, maharusi wakague kila herufi siku hiyohiyo. Kama watakitumia Dar es Salaam au Nairobi, waombe nakala ndefu inayotolewa kwa matumizi ya nje ya nchi, kwa sababu ile fupi inayokuja kwa posta kwa kawaida haitoshi.