Hita ya dizeli iliyokuwa ikizimika chini ya boneti
Land Cruiser hii ya Tanga hupanda Lushoto, na usiku wa Julai kule baridi ni kali. Hita yake, kifaa kinachochoma dizeli ili kutoa joto, ilikuwa inawaka, inatoa moshi mweupe, kisha inazima. Chanzo ni hewa kwenye mafuta: pampu ya mafuta ililazwa, na mpira wa mafuta ulipita jirani na ekzosi ya injini.

Pampu nikaihamishia karibu na tangi, mdomo wa kutolea ukitazama juu, mwinamo wa digrii 15 hadi 35. Badala ya mpira laini nikaweka bomba gumu la nailoni, tundu la milimita 2. Kwenye maungio ncha za bomba zigusane, la sivyo mapovu hujikusanya hapo.

Ekzosi ya hita itoke nje kabisa: monoksidi ya kaboni haina harufu, na inaua. Wala usizime hita kwa kukata betri. Acha feni yake ipoze kwanza chemba ambamo dizeli huungua.